Mti Ambao Hukuufunga

Tarehe 4 Februari

Kwa Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na Mama. Mimi mzima, ila miguu. Viatu nilivyonunua kwa ajili ya kuapishwa vimenitoa malengelenge, nikaingia Barazani nikichechemea kama mtu aliyekanyaga miiba. Gazeti limeandika kwamba mjumbe wa kwanza kutoka jamii ya msituni "alitembea kwa unyenyekevu."

Kiti changu kiko safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, kwa hiyo wajumbe wote tayari wananifahamu kwa sura. Kipaza sauti changu kibovu. Ukibonyeza, taa inawaka lakini sauti haitoki. Fundi ameniambia nisijali, aliyekaa hapa kabla yangu hakuwahi kulalamika.

Spika aliniuliza kwa nini sikuja na vazi letu la asili. Nikamwambia kwetu watu huvaa mashati na magauni, na la kwangu limepigwa pasi. Akasema ni hasara, wapiga picha wangefurahi. Jina langu hapa ni Mama Asali. Kila ninayepishana naye koridoni ananiambia, "Fuata nyuki ule asali, Mheshimiwa, chupa yangu inakuja lini?" Ninacheka. Naona kazi ya mwezi wa kwanza ni kucheka.

Walitaka kuniweka Kamati ya Utamaduni, nipokee wageni na kukata utepe. Nimegombana nao mpaka nimepata Ardhi na Misitu. Muswada wetu umo humo, umelala kwenye kabati miaka. Ukipita, kila nyumba itaandikiwa miti yake yenye mizinga, na hakuna askari atakayemshika mtu tena kwa kuingia kwenye msitu wa babu yake. Sijasahau Mama alivyotoka jela ya wilaya, amekonda, mikono inanuka sabuni ya magereza, na kosa lake ni kurina asali ya mizinga yake mwenyewe. Mimi niko hapa kwa sababu ya siku ile, Dada. Sina sababu nyingine.

Kikohozi chake kinaendeleaje? Niambie kweli, usinifiche.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 19 Februari

Kwa Kitindamimba wetu, sasa Mheshimiwa,

Barua yako imeletwa na nesi ndani ya kisanduku cha chanjo, ikafika baridi kama maji ya mtungi. Huyu nesi ndiye posta yetu sasa. Simu bado haishiki huku mpaka upande juu kwenye majabali, na huko ukipata mtandao unapata na mafua.

Nimemsomea Mama mara mbili. Pale pa choo alicheka mpaka akakohoa, lakini ni kicheko tu, kikohozi chenyewe kimepungua. Hapandi miti siku hizi. Anasema amechoka na kamba. Napanda mimi, na shemeji yako anasimama chini na moshi akinipa mawaidha ambayo sikumwomba. Juzi nyuki mmoja alimwingia kwenye shati, na mawaidha yakakoma hapo hapo.

Mama amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Asijifanye mwerevu. Asiyekuwepo na lake halipo. Tumemtuma awepo, basi akae kwenye kiti chake hata kama kinanuka."

Watu wa mbao wamerudi kule bondeni kando ya barabara, kwenye miti yake mikubwa. Wanaizungushia futi, wanaandika, wanaondoka. Nilimuuliza mmoja anatafuta nini, akasema anatembea tu. Sijui mtembezi gani anatembea na futi. Kwa hiyo huo muswada usilale tena. Na uangalie ni nani anayeandika humo maana ya mti wa mtu, kwa sababu kuandikiwa ni kama kunyolewa, ukitikisa kichwa baadaye wembe umeshapita.

Dada yako anayekupenda


Tarehe 16 Machi

Dada yangu,

Muswada umetoka kabatini. Nimesimama nikasema, na kipaza sauti nilikuwa nimeazima kwa jirani. Kantini wanatuita "wale wa porini", lakini ndani ya ukumbi sisi ni "jamii ya asili," na kwa jina hilo nilipigiwa makofi.

Shida ni kura. Upande wa mbao wana watu wao humu, wanasema tukipewa miti tutaiacha iozee huku tukidai fidia. Anayenisaidia ni Mnadhimu wa kambi yetu, yule ambaye kazi yake ni kuhesabu kura zetu kabla hatujazipiga. Mtu mpole, sauti ya taratibu, ofisini kwake kuna kapeti na birika la chai lisilopoa. Ndiye wa kwanza hapa kuniuliza habari za kwetu akasikiliza mpaka mwisho. Nimemweleza yote: jinsi kila mti ulivyo na mwenyewe, jinsi miti inavyorithiwa, jinsi tunavyofanya mtu akifa. Alikuwa anaandika huku ananiongezea sukari.

Ameshauri tuwape wapinzani kifungu kimoja ili wanyamaze. Ni kifungu cha kumi na moja, kinasema mti usiorinwa msimu mzima utahesabika umeachwa na mwenyewe na utarudi kwa serikali. Nikamwuliza, kwetu nani anaacha mti? Akasema, basi kama hakuna, hakitamdhuru mtu. Nimeona ni maneno ya mtu mwenye akili.

Kura ni tarehe ishirini na moja Aprili. Wasomee wazee. Wakiwa na neno, niandikie upesi, kifungu bado kinaweza kutolewa. Na Mama umsomee wa kwanza.

Kitindamimba


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Kifungu nimekisoma, nikakirudia. Kuna jambo nilitaka kukuuliza, kisha nikaona si la kuandika sasa. Litangoja.

Mama anasema piga kura kwanza, mengine baadaye. Anasema usibabaishwe na barua za nyumbani. Yuko vizuri. Analala sana, lakini ni hali ya hewa.

Shemeji anakusalimu. Pale alipoumwa na nyuki pamepona.

Dada


Tarehe 22 Aprili

Dada, Mama, shemeji, na wote wa nyumbani,

Umepita. Jana saa tisa alasiri. Nimekaa hapa kwenye chumba changu cha kupanga, nguo zote ziko kitandani kwa sababu nilikuwa natafuta ya kuvaa nikatoe hotuba redioni, na machozi yananitoka kama mjinga. Tumeshinda kwa kura chache mno. Wajumbe wawili wazima walininyanyua mabegani, nikaona upara wa Spika kwa juu.

Mwambie Mama hakuna askari atakayemgusa tena. Mwambie aende bondeni mchana kweupe na moshi wake na kamba yake, apite mbele ya kituo cha walinzi na awasalimie kwa sauti. Nataka uniandikie sura yake ilivyokuwa ulipomsomea mstari huu.

Kitindamimba wenu, ambaye leo ana haki ya kujisifu


Tarehe 23 Aprili

Mdogo wangu,

Keti chini kabla hujasoma.

Mama hayupo. Alikata roho tarehe ishirini alfajiri, na tukamzika kesho yake, siku ya kura yako. Hatukuweza kumweka zaidi. Nesi alipanda majabalini akapiga simu Barazani, akaongea na mtu akamwachia ujumbe, akaambiwa Mheshimiwa atapewa. Tulingoja mpaka jua likaelekea kuzama, tukakata tamaa, tukafukia.

Kikohozi hakikupungua hata siku moja. Tangu Januari alikuwa anatema damu. Alinishika mkono akaniapisha nisikuandikie. Alisema ukijua utakuja, na ukija kura itakuwa pungufu.

Miti yake nimeifunga. Mwenye mizinga akifa, kwetu ni mtoto wa mwisho anayezungushia gome kiunoni mwa kila mti, na hakuna mkono unaogusa asali humo mpaka maua yatoke mara mbili. Nakuandikia kana kwamba hujui, labda huko mjini husahaulisha. Nimeifunga mimi badala yako, mkono wangu si wa kitindamimba lakini ningefanyaje. Mmoja nimekuachia, ule wa juu ya kisima, ambao Mama aliupanda nawe mgongoni ukiwa mdogo ukamtapikia shingoni. Huo njoo uufunge mwenyewe.

Dada yako


Tarehe 10 Mei

Dada,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Ujumbe wa nesi nilipewa tarehe ishirini na tatu. Ulikaa siku hizo zote mfukoni mwa Mnadhimu. Anasema hakutaka nivurugike. Kwa hiyo watu wawili mlinificha kwa sababu moja, wewe na yeye. Yeye namwelewa, si ndugu yangu.

Nilikuwa nimebebwa mabegani, Dada, wakati mnatupa udongo. Nilikuwa nacheka. Kuna picha, imetoka gazetini, mdomo wazi namna hii. Ningejua ningekuja kwa miguu. Ulinipa nafasi gani ya kuchagua?

Mti wangu usiguswe. Nitakuja mwezi wa sita Baraza likifungwa. Nitaufunga.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Mheshimiwa,

Pole sana kwa kuondokewa na mama mzazi. Mungu amlaze mahali pema.

Sasa tuzungumze ya walio hai. Kiongozi wa Jimbo amekubali pendekezo langu, utakuwa Naibu Kamishna wa Misitu. Hakuna mtu wa jamii yako aliyewahi kufika hapo, na sidhani kama unahitaji nikueleze maana yake. Kuapishwa ni mwezi wa sita. Safari hii tafadhali uje na vazi lenu. Kama hamna, katibu wangu anamfahamu fundi.

Nasikia bado una kinyongo juu ya ule ujumbe wa simu. Ungekuwa kwenye kiti changu ungefanya vivyo hivyo.

Wenzetu wa mbao wametulia. Niliogopa wangekimbilia mahakamani, lakini tulipokula nao mchana walisema kifungu cha kumi na moja kinawatosha, wao hawana haraka. Unaona matunda ya kusikilizana.

Wako katika kazi,
Mnadhimu


Tarehe 27 Septemba

Mdogo wangu,

Mwezi wa sita tulikungoja. Nilifagia chumba chako, shemeji akachonga ngazi mpya. Tukakusikia redioni ukila kiapo. Mtangazaji alieleza ulivyopendeza katika vazi la asili la watu wa msituni, lenye manyoya begani. Tulitazamana. Nilimuuliza shemeji manyoya gani, akasema labda ya kuku.

Niliacha kuandika kwa hasira, nakiri. Leo naandika kwa sababu imenibidi.

Bwana misitu amekuja kuhesabu miti kama sheria yako inavyosema. Kijana mstaarabu, alivua kofia mlangoni. Anapita mti kwa mti, anatazama kama kuna alama za kamba, masizi ya moshi, nta iliyodondoka shinani. Akiona, anaandika jina la mwenyewe. Asipoona, anapaka alama nyeupe ya mkato. Amepaka miti yote ya Mama niliyoifunga. Nilimwonyesha magome, nikamweleza kuna msiba, mti umefungwa, ukifungwa haurinwi. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Nakuelewa, mama, na pole. Lakini sheria haijaandika msiba. Imeandika msimu."

Si sisi tu. Mwaka huu kikohozi kimewapitia wazee wengi. Mama mkwe wangu amekwenda, yule mzee kipofu wa ng'ambo ya mto amekwenda, na miti yao yote imefungwa, na yote ina chokaa. Na unajua wazee ndio wenye miti mingi, sisi wengine tunangoja kurithi. Nimekaa nikafikiri. Kila anayekufa, miti yake inafungwa, na kila inayofungwa inachukuliwa. Hawana haja ya kutufukuza msituni. Wanatungoja tufe mmoja mmoja tukiwa na adabu zetu.

Wewe ndiye Naibu wa misitu. Kalamu ni yako. Futa zile alama.

Habari ya mti wako wa juu ya kisima nitakupa siku nyingine.

Dada


Tarehe 12 Oktoba

Dada,

Nimesoma barua yako mezani ofisini, karani ananingoja na mafaili, nikamwambia aende. Hawana haraka. Maneno hayo juu ya watu wa mbao niliandikiwa na Mnadhimu mwezi wa tano, nikayasoma nikapita. Sasa ndiyo nimeyaelewa.

Sikuona, nakuapia. Sikuona kwa sababu kwetu mti uliofungwa ndio wenye mwenyewe kuliko yote. Hata mwizi hauendei. Mtu akiniambia "mti ulioachwa" nafikiria mzinga uliooza, umeingiwa na sisimizi, hakuna anayeujua. Haikunijia kwamba binadamu anaweza kusimama mbele ya mti uliovikwa gome, akauangalia, akaandika umeachwa. Lakini Mnadhimu alijua. Nilimwambia mwenyewe, na chai yake nikanywa.

Na wewe? Ulikisoma kifungu. Ulikirudia. "Kuna jambo nilitaka kukuuliza." Ungeandika mstari mmoja tu, "na mfiwa je?", ningekitoa kifungu kile siku hiyo hiyo. Kwa nini hukuandika?

Sheria siwezi kuibadilisha peke yangu, inarudi Barazani, na mwakani ni uchaguzi. Nikijiuzulu kwa hasira, kesho yake kiti hiki atakalia mtu wa mbao. Nikibaki, walau kuna mmoja wetu ndani. Kata rufaa kwa maandishi, iletwe ofisini kwangu rasmi. Vumilia kidogo.

Mdogo wako


Tarehe 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Umeuliza kwa nini sikuandika. Nilishika kalamu. Mama alikuwa amelala pale nyuma yangu, kifua kinakoroma. Ningeandika "na mfiwa je?", ungeuliza nani anakufa. Ungejua. Niliapishwa usijue. Kwa hiyo nikajiambia, huyu ni wetu, amenyonya ziwa moja na mimi, hili ataliona mwenyewe. Nilikosea kukuamini, na hilo silifichi.

Lakini usinigawie nusu ya mzigo huu ukadhani tumelingana. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya mtu anayekufa. Wewe ulizungumza kwa ajili ya sukari kwenye chai. Ulichukua msiba wetu ukampa mtu mwenye kapeti, na yeye akaukata kwa vipimo vya kifungu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliokuwa na akili, na nguo yenyewe umeshonewa na fundi wake.

Unasema walau kuna mmoja wetu ndani. Ndani ya nini? Mimi nikiwa na mtu wangu ndani ya nyumba inayoungua, namwambia atoke.

Rufaa nitaileta. Wazee wote wametia dole gumba. Tuone.

Dada yako


OFISI YA NAIBU KAMISHNA WA MISITU

Tarehe 15 Januari

Ndugu Mwananchi,

YAH: RUFAA KUHUSU MITI ILIYOACHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea na kupitia kwa makini rufaa yako pamoja na ya wenzako. Ofisi inathamini sana mila na desturi za jamii za asili, ambazo ni hazina ya Jimbo letu.

Hata hivyo, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja cha Sheria, sababu ya mti kutorinwa si jambo la kuzingatiwa. Hivyo rufaa imekataliwa. Miti husika imerejeshwa serikalini na itavunwa kwa utaratibu uliowekwa.

Ofisi inakushukuru kwa ushirikiano wako katika kutunza misitu.

Naibu Kamishna

Dada, naongeza haya kwa mkono wangu kabla karani hajafunga bahasha. Barua imeandikwa na wanasheria, mimi nimetia sahihi tu. Wamenibana. Wameniambia nikikubali rufaa ya dada yangu wa tumbo moja, watasema napendelea ndugu na nitaondolewa kabla ya uchaguzi. Nikirudi na kura nyingi, nitakifuta kifungu. Nipe mwaka mmoja. Usinichukie.


Tarehe 8 Februari

Mheshimiwa Naibu Kamishna,

Barua yako nimeipokea, ile ya muhuri na ile ya mkono. Nesi alinipa akiwa anaangalia pembeni, nadhani alikuwa ameshasikia huko wilayani. Nimewasomea waliotia dole gumba. Nilipofika pale pa kushukuriwa kwa ushirikiano, mmoja aliniomba nirudie, alidhani nimesoma vibaya.

Unaomba mwaka. Malori hayakuomba. Yalikuja wiki iliyopita na msumeno wa mafuta, yakaanzia bondeni. Waliangusha miti ya Mama magome yakiwa bado kiunoni. Kijana mwenye msumeno aliniuliza haya magome ya nini, nikamwambia muulize Naibu. Mizinga ilipasuka chini. Nyuki walibaki hewani mpaka jioni, wanazunguka pale pale juu, mahali ambapo mlango wao ulikuwa, na chini hakuna mti. Shemeji yako, ambaye huwa ana neno kwa kila jambo, alikaa kwenye kisiki akaanza kuokota nta vumbini.

Sasa habari ya mti wako.

Mwezi wa sita, siku ile ya kiapo, nilizima redio nikachukua kamba na moto, nikapanda juu ya kisima. Gome lako lilikuwa pale chini ya mti, nililikata mwenyewe likangoja mikono yako mpaka likakauka, likajikunja. Nikasema kama mtoto wake hana nafasi ya kumlilia, basi mti huu haujafiwa. Nikaurina. Nilirina nikilia, nikadondosha nta kila mahali, nikaumwa usoni mpaka jicho likaziba. Ni mwiko na nilijua ni mwiko, na sikumwambia mtu.

Bwana misitu alipofika hapo alikuta masizi na nta shinani. Akafurahi kabisa. Akaandika kwamba mti unahudumiwa vizuri na mwenyewe.

Kwa hiyo kati ya miti yote ya Mama umebaki huo mmoja. Ile tuliyomlilia kwa heshima yote imekwenda. Uliobaki ni ule ambao hukuja kuufunga. Sheria yako imeutambua, cheti kimetoka, na kwa kuwa wewe ndiye kitindamimba nimeandikisha jina lako. Kipo ndani ya bahasha hii. Kitunze, ni mali yako halali.

Mama alisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tuliamini, tukakutuma. Ulikuwepo, Mheshimiwa. Kila siku ulikuwepo, na kiapo ulikula, na manyoya ulivaa. Sijui sasa wajukuu niwafundishe methali gani.

Nesi amebeba na chupa moja ya asali ya mti huo. Uliandika kwamba wenzako wa koridoni walikuwa wanaulizia ya kwao inakuja lini. Basi imekuja. Anza na Mnadhimu, mtilie kwenye chai.

Chupa usirudishe.

Ni mimi,
Mwananchi